Alirithiwa Jina Angali Hai

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana katika shule ya viziwi, upande huu wa Yakobi, Njombe, na nikisema jambo nasema. Shule siitaji jina. Majina ya watu nimeyageuza, na sababu mtaiona wenyewe mkivumilia kunisikiliza. Mniite Margareth. Watoto wenyewe wananiita Funguo: wanazungusha mkono kiunoni kama mtu anayefungua kufuli, basi, najua naitwa. Msikiaji akija hapa hupewa alama ya kazi yake tu. Mpishi ni Mwiko, mlinzi ni Tochi, mkuu wa shule ni Tai kwa sababu haivui hata siku ya kulima. Hayo si majina. Hayo ni ya kumtafutia mtu anapohitajika.

Jina la kweli, lile la kukaa na mtu mpaka anazikwa, kiziwi hupewa na kiziwi mwenzake. Hujichagulii, na wewe mwenye masikio huruhusiwi hata kupendekeza. Niliwahi kupendekeza siku moja, bweni zima likanigeuzia mgongo. Na kiziwi akifa jina lake halitupwi. Linapumzika kwanza, halafu wazee wao wanamrithisha mtoto mgeni, na huyo mtoto hufundishwa maisha ya marehemu mpaka aweze kuyasimulia mbele za watu, katika Wiki ya Viziwi, mwezi wa tisa. Mwaka mzima watoto wanaisubiri siku hiyo kuliko Krismasi. Sisi Wabena nasi tunawapa wajukuu majina ya babu zao, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni jina la Eufrasia kurithiwa wakati mwenyewe bado anakula ugali.

Alikuja Januari kutoka Lupembe, ameajiriwa kufuma masweta ya wanafunzi. Njombe bila sweta ni kutafuta nimonia, kila mtu anajua. Mwanamke mrefu, mkavu, umri wa hamsini na kitu, meno ya upande mmoja yameondoka na shavu limeingia ndani. Ofisini waliandika fundi, kiziwi, kwao Lupembe, wakamkabidhi mashine na mafurushi ya nyuzi. Alisoma wapi, na lugha ya alama aliitoa wapi mwanamke wa shambani, hakuna aliyemuuliza. Watu wetu wakishaona mtu anajua kazi, maswali yanaishia hapo.

Siku yake ya kwanza nilikuwa nimesimama karibu na karakana, ilikuwa mapumziko. Upande wa pili wa uwanja msichana mmoja alinyanyua mkono, akaweka kidole shavuni na kukizungusha, akaita. (Na hata shavu huenda si shavu, nimeshawaambia nimegeuza mambo.) Eufrasia aliangusha furushi la nyuzi pale pale mlangoni. Akanyanyua mkono wake juu, uso umefunguka, haki ya Mungu sijapata kuona mtu mzima akifurahi hivyo. Kumbe mtoto Jane, aliyekuwa nyuma yake, ndiye aliyeitwa. Akampita mbio, akaenda kucheza. Eufrasia alibaki na mkono juu.

Mchana wasichana walimzunguka, kama wanavyomzunguka kila kiziwi mgeni, wakamwuliza jina. Akaweka kidole shavuni. Jamani, walicheka! Hawakucheka kwa ubaya, walidhani fundi hajui kanuni. Mkubwa wao akamweleza taratibu, kama anayemfundisha chekechea: hilo ni la Jane, watu wawili hawawi na jina moja, je, wewe huna lako? Eufrasia aliwatazama mmoja mmoja, mikono imekaa. Kufikia jioni walishampa alama: kiganja kinasugua mkono kuanzia juu hadi kwenye kifundo. Sweta. Wakamweka fungu moja na Mwiko, Tochi na mimi.

Kuanzia hapo alinuna. Nimeishi na viziwi miaka mingi, nawajua: wanapiga soga kuliko sisi, watakusimulia safari ya kwenda dukani mpaka ukome. Huyu alifanya kazi yake, akala sahani yake ameegemea ukuta, akaingia chumbani kwake. Ukimgusa bega anakujibu. Usipomgusa, siku inaisha. Nilisema moyoni, mama huyu ana kiburi cha Lupembe.

Masweta yalianza kugawiwa mwezi wa tano. Darasa baada ya darasa, kila mtoto na lake. Baridi ya mwezi wa sita ikaingia, ile inayopasua midomo, na mtoto mmoja tu alikuwa bado anatetemeka mstarini: Jane. Nikaenda karakana. Fundi akasema nyuzi zimeisha. Nyuzi zimejaa rafu nzima nyuma yake! Nikamwonyesha rafu. Akageuka kutazama mashine, na ukimgeuzia mtu uso huku wewe ni kiziwi, ndiyo umemfungia mlango.

Ebo! Mimi si mtu wa kufungiwa mlango. Nikazunguka mashine, nikasimama mbele yake, nikamwambia kwa mikono yangu hii mibovu: "Mtoto huyu amekukosea nini? Una roho gani, mama mzima?"

Akanijibu: "Mwenye jina ajifumie mwenyewe."

Sikuelewa. Nikamwambia aseme vizuri. Akanitazama sana, kisha akatoka nje, akaketi kwenye benchi nyuma ya jiko, nami nikamfuata. Pale ndipo aliponieleza. Mikono iliyokuwa imekaa kimya toka Januari ilifunguka, na mimi nilikuwa namwomba apunguze mwendo, apunguze mwendo, maana alama zake nyingine zilikuwa za zamani na sikuwahi kuziona.

Alisoma ile shule ya kwanza, iliyokuwepo kabla ya hii yetu kujengwa: vyumba viwili nyuma ya kanisa, ilishafungwa zamani. Enzi zile mikono ilikuwa makosa. Walimu walitaka viziwi waseme kwa mdomo. Siku nzima unashika koo la mwalimu usikie linavyotetema, kisha unashika la kwako, unatoa sauti usiyoijua. Mikono uikalie. Ukikamatwa unaongea kwa mikono, mwalimu hakuchapi. Anakuja, anakushika mikono yote miwili, anaibana ndani ya mikono yake mpaka uache kuhangaika. Alinionyesha kwa kunishika mimi, nikasikia pumzi inaniishia. "Ni kuzibwa mdomo," akasema, "na pua pamoja."

Lakini kulikuwa na banda la kuni. Huko watoto waliongea. Huko mvulana mmoja kutoka Makambako, Elius, alimwona akicheka, akaona kibonyeo kilichokuwa shavuni mwake enzi hizo, akampa jina. Huko Eufrasia alikuwa bingwa. Aliigiza lori la chai lilivyonasa kwenye matope ya Lupembe, dereva, utingo, wanaosukuma na mbwa anayebweka. Aliigiza mchungaji anayehubiri huku inzi anamtembelea kwenye pua. Wenzake walianguka kutoka juu ya kuni kwa kicheko.

Halafu shule ikafungwa, kila mtu akarudi kwao. Kwao Lupembe kulikuwa na chai ya kuchuma na nyumba ya kaka yake, na hakuna mtu mwenye mikono. "Tangu hapo," akaniambia, "hakuna aliyeniita."

"Na Jane?"

Hilo alishalichunguza. Alimwuliza mwalimu Brayson, kiziwi anayefundisha uchoraji, jina la Jane lilitoka wapi. Brayson akamjibu kwa heshima zote kwamba ni la marehemu mmoja wa Lupembe, msanii mkubwa, mmoja wa wale wa kwanza. Mzee Elius alimtafuta miaka mingi, akaenda mpaka kwao, akaonyeshwa kaburi. Akarudi Makambako, viziwi wakamlilia. Jina likapumzika, na mwaka juzi Elius mwenyewe akaja kulirithisha.

"Kaburi walilomwonyesha ni la mama," Eufrasia akasema. "Mama alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Mimi nilikuwa nimepeleka majani ya chai kwenye mizani, nangoja lori."

Nilisimama. Nilisema naenda kwa mkuu sasa hivi, leo leo, jambo hili linakwisha kabla ya chai ya saa kumi! Akanivuta gauni mpaka nikakaa.

"Wewe ni Funguo," akasema. "Jina la kiziwi linashuhudiwa na aliyelitoa. Elius atakuja mwezi wa tisa. Ataniona. Nimeishi bila jina muda wote huo, nitangoja."

Mimi kungoja siwezi. Nilitafuta namba ya kaka yake, Anania, nikampigia.

"Kamwene, kaka. Ni matroni wa shule anapofanya kazi dada yako."

"Kamwene, mama. Kuna shida? Anaumwa?"

"Haumwi. Nakuuliza tu. Mama yenu alipofariki, alikuja hapo kiziwi mmoja, mwanamume?"

Akawaza. "Eeh! Alikuja, kweli. Baada ya matanga. Masikini, alikuwa na jino."

"Jino gani?"

"Alikuwa anajishikashika shavu, anatuonyesha, anajishika tena. Tukasema huyu jino linamsumbua, tukampa chai ya moto. Haikusaidia. Tukaona labda amekuja kutoa pole, tukampeleka kaburini. Pale ndipo alipolia, mama, mpaka tukamshangaa. Kumbe alimjua mama?"

Nikamwuliza, "Kaka, dada yako pale nyumbani mnamwitaje?"

"Dada? Eufrasia."

"Yeye hasikii Eufrasia, kaka. Kwa mikono mnamwitaje?"

"Aah," akasema, kwa upole kabisa, ni mtu mwema yule, "sisi huwa tunamgusa bega."

Nilikata simu bila kuaga. Nilimkasirikia siku kadhaa, kisha nikaona hasira haina pa kwenda. Walimlisha, walimvisha, hawakumpiga. Waliishi naye miaka yote na wasijue anaitwa nani, na mgeni aliyekuja akilitaja jina lake wakampa chai ya jino.

Habari hiyo nilimpelekea Eufrasia nikidhani italeta kicheko. Haikuleta. Alisema tu, "Angengoja lori lirudi." Akainama kwenye mashine.

Sweta la Jane bado lilikuwa deni, na mimi si wa kusahau. Nikamweleza habari za mtoto huyo, maana alikuwa hazijui. Jane alitoka Mlangali. Alifichwa ndani ya nyumba mpaka umri wa miaka tisa, hana alama hata moja, hajui kwamba vitu vina majina, wala kwamba yeye ni mtu wa kuitwa. Alipoletwa kwangu alikuwa anauma. Nina kovu hapa kwenye kidole gumba. Alilala chini ya kitanda. Elius alipokuja mwaka ule alimketisha kwenye majani, akamgusa shavu, akajigusa, akamgusa, asubuhi nzima, mpaka mtoto akaelewa kwamba ile ni yeye. Siku ile alizunguka shule nzima akijitaja kwa kila mtu, mpaka kwa mbuzi wa mlinzi. Hajauma mtu tena.

"Kosa si langu," Eufrasia akasema.

"Wala si lake."

Akamfumia. Alitumia mabaki ya nyuzi za kijivu, na mikono ikawa mifupi, inaishia juu ya vifundo. Fundi yule hakosei vipimo. Nilijua alichofanya na yeye alijua kwamba najua. Jane alivaa kwa furaha, akaja kumshukuru, na Eufrasia akamjibu kwa kichwa. Alikuwa anamchukia, niseme ukweli. Mtoto akiitwa uwanjani, fundi alikuwa anafumba macho.

Siku zikaenda. Mwalimu Brayson alikuwa anachora ukuta mrefu wa bwalo: mikono mikubwa, kila mkono unatamka jina, kuanzia wale wa banda la kuni mpaka watoto wa leo. Alichora vizuri kiasi kwamba wapita njia walikuwa wanaingia ndani kutazama. Siku ya kuchora jina la shavu, Eufrasia alileta kiti akakaa kumtazama toka asubuhi. Brayson alidhani anapenda sanaa. Alipomaliza akamwuliza, unaonaje, Sweta? Akasema umechora vizuri, ila mwenyewe alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Brayson akashangaa amejuaje, akaguna, akapaka upya. Lakini akili yake ilikuwa kwenye rangi, hakuuliza zaidi. Loo, mwenye macho haambiwi tazama, lakini kuna wenye macho wanaohitaji kuambiwa.

Wiki ya Viziwi ikafika. Siku yenyewe Eufrasia alivaa kitenge kipya, akajifunga kilemba, akapaka mafuta usoni. Alikuja chumbani kwangu kujitazama kwenye kioo. Akavuta shavu lile lililoingia ndani, akaliachia. "Atanijua?" akaniuliza. Nikamwambia atakujua, mama, kwani huko Makambako macho yamekwisha? Akacheka. Mara ya kwanza kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa, kama cha mwanamume.

Basi la Makambako lilichelewa. Elius alifika wageni wameshakaa, akaongozwa moja kwa moja hadi viti vya mbele: mzee mfupi, seremala, koti la suti na kofia mkononi. Sisi wafanyakazi tulikuwa benchi la nyuma kabisa. Eufrasia alisimama amwone, akavutwa chini na watu kwa sababu alikuwa anawazibia, na mahali pa viziwi kuzibiana ni tusi. Akakaa. Alimtazama kisogo.

Watoto wakasimulia marehemu wao mmoja mmoja. Wa mwisho akawa Jane. Alisimama chini ya mkono wake ukutani, na lile sweta la kijivu lenye mikono mifupi, na akaanza.

Sijui niseme nini kuhusu mtoto yule. Nilikuwa namjua bwenini, mtundu, mvivu wa kufua. Pale mbele alikuwa mtu mwingine. Aliingiza banda la kuni ndani ya bwalo. Alikuwa mwalimu anayewashika watoto mikono, alikuwa watoto. Kisha akawa msichana wa Lupembe anayesimama juu ya kuni, na yule msichana akaleta lori la chai. Matope, dereva, utingo, wanaosukuma, mbwa. Bwalo zima likavunjika mbavu. Mchungaji na inzi wake wakafuata, na mkuu wetu aliyevaa tai akafuta machozi.

Nikatazama pembeni. Eufrasia alikuwa anafuata kwa mikono, magotini, kidogo kidogo, hatua kwa hatua na mtoto. Kila kitu kilikuwa kile kile. Mbwa alikuwa yule yule. Elius alikipeleka Makambako, akakitunza, akamfundisha mtoto, na hakikupotea hata kidogo.

Kisha Jane akapunguza mikono. "Shule ikafungwa," akasimulia. "Alirudi kwao. Kule hakuna mwenye mikono. Alikaa kimya mpaka akafa, na sisi hatukuambiwa. Elius alienda, akaonyeshwa udongo. Akamwita. Hakuja." Akaweka kidole shavuni, mkono wa kushoto. "Sasa anaitwa mimi. Ukiniita, nakuja."

Mikono yote ikapanda juu ikipepea, ndivyo wanavyopiga makofi. Na kwa kanuni yao mzee aliyelitoa jina huitwa kulifunga, athibitishe mbele ya watu, na likishafungwa halifunguliwi. Elius akainuka.

Eufrasia naye akainuka. Hakuna aliyemvuta safari hii. Alipita katikati ya bwalo, na mimi nasema ndani kwa ndani, nenda mama, nenda, lako hilo. Akafika mbele, akasimama, akavua kilemba.

Elius alimtazama kama unavyomtazama mtu anayekuzibia njia. Akatazama tena. Kofia ikaanguka. Midomo yake ikafunguka na sauti ikatoka, mbaya, ile sauti waliyofundishwa vyumba viwili nyuma ya kanisa. Akanyanyua kidole, akakiweka shavuni, akamwita.

Na Jane akaja. Aliona jina lake linaitwa, akaja mbio kama alivyoahidi, akasimama baina yao akitabasamu, mkono juu: mimi, nipo.

Niliuona uso wa Eufrasia. Alimtazama mtoto, na nilijua anachofikiri kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hicho hicho, nikaogopa. Elius alishageukia watu. Alishanyanyua mikono yake yote miwili, anaanza kusema: huyu, huyu hapa, yu hai.

Eufrasia akamshika mikono. Aliikamata yote miwili katikati ya sentensi, akaibana kifuani kwake, akaishikilia. Bwalo zima likashtuka. Kitendo kile, mbele ya viziwi, ni zaidi ya kumpiga mtu kofi. Watu wazima walisimama, wengine walipiga miguu sakafuni. Elius alihangaika kidogo, kisha akaacha. Walitazamana. Eufrasia akatikisa kichwa: hapana. Akasubiri mpaka mzee alipokubali kwa macho, ndipo akamwachia. Elius akamgeukia Jane, akalifunga jina. Alikuwa analia, na watu wakadhani anamlilia marehemu.

Fundi Sweta alionekana mshenzi siku ile. Mkuu alinijia amekasirika, kamwulize yule mama ana wazimu? Nikasema ana malaria. Uongo mwingine Mungu anausamehe.

Niliwakuta nyuma ya jiko, kwenye lile benchi. Elius alikuwa anasema kwa mikono mikali: "Nitawaambia kesho. Nitawaambia Makambako. Wewe u hai, jina linarudi kwako, ndiyo kanuni. Mtoto ni mdogo, atapewa lingine."

"Umemwona," Eufrasia akasema. "Amesimama pale anajua yeye ni nani. Mimi najua kukaa bila jina kukoje. Yeye asijue tena."

"Na Telesia? Rafiki yako yu hai. Nikamwambie nini?"

Huyo Telesia ndiye aliyekuwa akilala na Eufrasia kitanda kimoja kule shuleni, nilikuja kuelewa baadaye. Mikono ya Eufrasia iliinuka, ikashuka, ikainuka. "Ukimwambia mmoja wanajua wote," akasema. "Usimwambie."

Nilitaka kumpigia kelele. Nililia wazi wazi, sioni aibu, na yeye mwenyewe macho yalikuwa makavu. Mzee alikaa ameinamisha kichwa, kofia magotini. Basi lake la kurudi lilikuwa karibu kuondoka stendi na bodaboda ilikuwa inangoja getini. Eufrasia akamgusa bega, amtazame.

"Nyumbani nikifa," akasema, "watanizika vizuri. Wataimba. Lakini hawajui kama ninyi mpo, hawatawaita. Msiba wangu ni ule wenu, na mimi sikuwepo. Nisimulie."

Elius hakuelewa. Eufrasia akarudia: nisimulie mlivyonililia.

Basi mzee akasimulia. Walivyokusanyika karakana yake Makambako, mbao zimesogezwa ukutani. Walivyomwita kwa zamu, kila mtu na mkono wake, kisha kila mkono ukafungwa. Walivyoshindwa kula. Mtu mmoja alivyoanza lile lori, wakacheka mpaka majirani wakaja kuchungulia, wakalia upya. Telesia alivyoanguka, wakamwinua, akaanguka tena.

"Alilia Telesia?"

"Mpaka tukamshika."

Eufrasia aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula anachokipenda. Getini bodaboda alipiga honi, nikamwonyesha ishara angoje. Elius alifika mwisho, akafunga mkono wake, akauweka chini. Eufrasia akauinua ule mkono wa mzee, akamfungua vidole, akamwomba aanze tena mwanzo.